Vua Shati Kwanza

12 Novemba 1995, Kagerankanda

Mvua imeshika. Watu wa hapa wanatembea wakitabasamu, mimi naona matope tu. Zahanati ina vyumba vitatu na kimoja kinavuja. Brighton, tabibu ambaye ndiye mkubwa wangu wa kazi, amehamishia meza yake kwenye chumba kikavu na kuniachia kinachovuja. Nilipomlalamikia alisema Wakurya wamezoea kulala nje na ng'ombe. Nikamwambia Wakurya wamezoea pia kushika fimbo. Hatujasemezana tangu hapo.

Nililetwa huku mwezi wa Julai kutoka Tarime, nesi pekee wa zahanati hii. Ninaandika kwa sababu sina wa kuzungumza naye asiyenikera.

19 Novemba

Mvua. Malaria. Mvua.

27 Novemba

Miche ya tumbaku imepandwa. Shamba kubwa ni la Leonidasi, mzee mwenye kifua kipana, mwenye pikapu na mwenye kiti chake mbele kanisani. Vibarua wake wengi walitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili wakiwa watoto. Wamekulia hapa, wameoa na kuzaa hapa, lakini wakikosana na mwenyeji bado wanaitwa wakimbizi. Leo nimewaona wakipita na mabomba mgongoni kwenda kupulizia dawa. Ndivyo wanavyosema: dawa. Sumu ya kuua wadudu ina jina moja na kile ninachompa mtoto mwenye homa.

6 Desemba

Leo nimeogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Saa za mchana aliletwa Reverien, kibarua wa Leonidasi, amepakiwa kwenye baiskeli huku mkewe Esteri akimshikilia kiunoni asianguke. Bomba lilikuwa na ufa, likamvujia mgongo mzima. Mgongo wenyewe uling'aa kama sahani. Niliuliza kapakwa nini.

"Mawese, Sista," Esteri alisema. "Mama Epifania kampaka, ili ngozi isiungue."

Epifania ni mke wa Leonidasi. Alimpaka kwa huruma, na kwa huruma hiyohiyo akaifungulia sumu mlango. Reverien alikuwa akitokwa mate yasiyokatika, amelowa jasho, misuli ya mashavu inamchezacheza, na mboni za macho zimesinyaa mpaka zikawa kama tundu la sindano. Nilichukua maji ya moto jikoni, sabuni ya mche na brashi ya sakafu, nikaanza kumsugua. Nilisugua kwa hasira, nikifikiri nguvu ndiyo dawa.

Brighton aliingia, akaninyang'anya brashi.

"Unamchuna," alisema. "Ngozi ikichubuka, tena ikiwa ya moto, inakunywa sumu. Tumia maji ya baridi, sabuni na kitambaa laini."

"Mafuta hayatoki kwa maji ya baridi."

"Yanatoka kwa sabuni na subira. Sabuni unayo."

Akamchoma sindano ya atropini, akaongeza nyingine, mpaka mate yalipokauka na kifua kikaacha kukoroma. Mimi nilimwosha upya, taratibu, nyuma ya masikio, makwapani, chini ya kucha. Jioni Reverien aliomba uji.

Hapo ndipo Brighton alipopata la kujivunia. Kumbe aliwahi kuwa kwenye kikosi cha tiba jeshini, na huko walifundishwa juu ya gesi za vita. Anasema mtu akimwagikiwa na sumu anapakwa kwanza udongo mkavu uliosagwa ili uinyonye, unapangusa, ndipo unatia maji. Ukitanguliza maji unaitawanya. Nilimwuliza vita vya gesi viko wapi hapa Kagerankanda.

"Viko mgongoni kwa huyo," alijibu.

9 Desemba

Brighton sasa ananiita Nesi Brashi mbele ya wagonjwa. Nao wanacheka. Hata Reverien amecheka, na yeye ndiye aliyechunwa.

17 Desemba

Wamekuwa wakija mmojammoja, na kila anayekuja namwuliza alijipaka au alijiosha na nini kabla ya kufika kwangu. Ninataka kujua nani yuko sahihi, mimi au yule mwanajeshi.

Kijana mmoja alijifuta kwa mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya taa hutoa rangi. Aliletwa amebebwa, na alikaribia kukata roho. Mama mmoja alijisugua majivu yenye maji. Sumu ilimwachia kichwa kikiuma, lakini majivu yakamchoma mikono mpaka malengelenge. Wa tatu alikuwa karibu na mto. Alivua nguo, akaruka ndani na kipande cha sabuni; alifika kwangu kwa miguu yake, akilalamika kichefuchefu tu. Mwanamke wa Nyakitonto, mbali na maji, alijipaka unga wa muhogo aliokuwa nao kwenye kapu, akaupangusa kwa majani, akaenda kuoga alipofika kisimani. Naye alikuja akitembea.

Kwa hiyo, kama maji yako karibu, ni maji na sabuni papo hapo. Kama yako mbali, ni unga au udongo mkavu, kisha maji. Mawese na mafuta ya taa ni kujichimbia kaburi.

Nilimwambia Brighton. Alisema hivyo ndivyo alivyosema yeye tangu mwanzo. Sivyo alivyosema. Alisema udongo kwanza, siku zote, popote. Tumebishana mpaka mgonjwa aliyekuwa akisubiri akaondoka zake.

24 Desemba

Jumapili. Baada ya ibada nilimfuata Leonidasi mlangoni pa kanisa. Nilimwamkia kwa adabu zote, kisha nikamwomba aweke pipa la maji na sabuni kila upande wa shamba, na anayemwagikiwa aruhusiwe kuacha kazi akaoge.

Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia sebuleni.

"Sista, wewe umekuja juzi. Mimi dawa hii nimeipulizia kwa mikono yangu tangu hujazaliwa. Nimekufa?"

"Wengine wanaugua."

"Wanaougua ni hao watu wa kambi ya wakimbizi na ndugu zao. Wanajua ukilala zahanati unapata uji bila kushika jembe. Wewe ndiye unayewafundisha uvivu."

Watu walikuwa wamesimama wakisikiliza. Mkewe Epifania, aliyeshika Biblia yake kifuani, akasema kwa upole, "Mwanangu, mawese yametulea sote. Usidharau vya watu." Nilimwambia kwamba mawese yake yalitaka kumwua Reverien. Akaanza kulia pale pale. Tangu dakika hiyo nimekuwa mtu aliyemliza mama wa watu mkesha wa Krismasi.

25 Desemba

Hakuna aliyenialika. Nimekula ugali na dagaa, nikalala.

3 Januari 1996

Barabara ya Kasulu imekatika. Atropini imebaki kidogo. Brighton anasema kosa ni langu, nilipaswa kuagiza mapema. Nilimwambia mwenye kuagiza ni yeye.

15 Januari

Reverien amefariki.

Nitaandika ilivyokuwa, kwa sababu tayari kuna watu wanaoisimulia vingine.

Ilikuwa mvua kubwa tangu asubuhi. Leonidasi aliwapeleka shambani hivyohivyo, kwa kuwa wadudu walikuwa wamezidi kwenye tumbaku. Bomba la Reverien lilivuja tena, mahali palepale. Walimleta wenzake wakimbeba kwa zamu, matope hadi magotini, na Esteri nyuma yao. Walipofika nilimwuliza Esteri kama ameoshwa.

"Mvua imemwosha, Sista. Njia nzima. Tazama alivyolowa."

Alikuwa amelowa kweli, maji yanamchuruzika hadi vidoleni. Lakini alikuwa bado amevaa shati, shati zito la kaki, na chini yake fulana. Nilipolifungua, harufu ilinipiga puani mpaka macho yakalia. Mvua haikuwa imeosha chochote. Ilikuwa imeibandika sumu kwenye ngozi yake kama kitambaa cha dawa kinavyobandikwa kwenye jipu, na ikaikandamiza njia nzima.

Tulimvua, tukaosha. Brighton na mimi tulifanya kazi bila kutupiana neno, ndoo baada ya ndoo, yeye kichwa na kifua, mimi mgongo na miguu. Hakutaja udongo wake, nami sikutaja brashi. Tulimchoma atropini mpaka ya mwisho iliyokuwamo kabatini. Pumzi ilikuja kwa kukoroma, ikakaa kidogo, haikuja tena. Brighton aliendelea kumkandamiza kifua muda mrefu kupita ilivyofaa. Nilimshika mkono nikamwambia basi.

Esteri alikuwa amekaa kwenye ngazi. Nilipotoka alinitazama mikononi, si usoni.

"Mara ya kwanza ulimsugua akapona," alisema. "Leo ulimmwagia maji tu kama unamwagilia mchicha."

Nilitaka kumweleza. Nikaanza kusema habari za shati. Aliinuka, akanipita, akaingia kwa mumewe.

Mmoja wa waliombeba, Marselino, ametapika jioni nzima, kwa kuwa sumu ilimpata begani alikombebea. Tumemvua, tumemwosha, atapona. Mimi mwenyewe kichwa kinaniuma na herufi zinacheza mbele yangu. Glavu zetu ni nyembamba.

16 Januari

Mazishi. Leonidasi alituma mchele na pikapu ya kubebea jeneza. Yeye hakuja. Nilisimama nyuma kabisa, na wanawake walisogea ili nisiwe karibu nao.

22 Januari

Esteri amerudi shambani kwa Leonidasi, kupalilia. Niliposikia nilikasirika, kisha nikakumbuka kwamba watoto hawali msiba. Tumekutana njiani. Nilimwamkia kwa Kiha kidogo nilichojifunza, "Mwakeye." Hakuitikia.

2 Februari

Barabara imefunguka. Brighton amerudi na dawa kutoka Kasulu. Ameleta atropini nyingi na amepita mezani kwangu, ameacha jozi za glavu nene. Sikumshukuru. Sijui kwa nini sikumshukuru.

14 Februari

Mkono unauma kuandika, shavu limevimba, lakini nitaandika.

Brighton alikuwa ameitwa Kasulu kwenye mkutano. Nilikuwa peke yangu. Kabla ya mchana niliisikia pikapu ya Leonidasi ikija kwa kasi, ikasimama hadi matope yakaruka ukutani. Nyuma walikuwamo vibarua, na katikati yao Leonidasi mwenyewe, amelala ubavu. Alikuwa akishusha pipa la sumu stoo, ile isiyochanganywa bado na maji, mfuniko ukafyatuka. Alimwagikiwa kuanzia kifuani hadi magotini. Sumu ilikuwa nzito kama asali, ikinuka kitunguu saumu kilichooza.

Wakamkalisha kwenye benchi la nje, chini ya upenu. Nilivaa glavu, nikachukua mkasi, nikamwambia, "Mzee, vua nguo zote."

"Nichome sindano," alisema. Mate yalikuwa yameanza.

"Nitakuchoma. Vua kwanza."

"Siwezi kuvua mbele ya wanawake. Wala mbele ya vibarua wangu. Nichome sindano nirudi nyumbani, mke wangu ataniosha."

Nilimshika ukosi wa shati. Akanipiga. Mzee yule hata akifa ana mkono mzito. Nilianguka chini, mkasi ukanitoka mkononi. Vibarua hawakusogea. Walisimama kwenye mvua wakitazama, na nilijua kabisa wanachotazama. Walikuwa wanasubiri kuona kama naye atakufa.

Mimi pia nilisubiri, na nitaandika hilo. Nilikaa matopeni kwa kitambo kidogo, damu mdomoni, nikawaza: basi, umekataa mwenyewe, mashahidi wapo.

Aliyeokota mkasi ni Esteri. Alikuwa amekuja na pikapu pamoja na wenzake. Alisimama mbele ya Leonidasi, akazungumza polepole kama anayezungumza na mtoto.

"Baba Leonidasi, Reverien amekufa ndani ya shati. Vua."

"Niondokee."

"Sitaki ufe," Esteri alisema. "Ukifa, nani atanijibu?"

Akaanza kukata, kuanzia pindo la chini. Nilimpigia kelele asiguse kwa mikono mitupu, nikampa glavu zangu nyingine. Niliwageukia wanaume nikawaambia wageuze migongo, na wakageuza, wote, wakatengeneza ukuta kati yetu na barabara. Leonidasi alipoona migongo yao, aliacha kupigana. Labda nguvu zilikuwa zimemwisha tu.

Kisima kilikuwa mbali, na maji yaliyokuwapo yalikuwa ndoo moja tu. Kwa hiyo nilifanya kama alivyofundisha Brighton. Nilichukua unga wa muhogo wote uliokuwa jikoni, nikampaka kifuani, tumboni, mapajani, kwa kugusagusa bila kusugua. Unga uligeuka tope la kahawia. Tukaupangusa kwa matambara, tukapaka mwingine. Marselino alikuwa amekimbilia maji. Yalipofika tulimwaga kutoka juu kuteremka chini, mengi, ya baridi, na sabuni, kwenye mikunjo yote, kitovuni, katikati ya vidole, nywele, kucha. Atropini nilimchoma wakati huohuo wa kuosha, na tena, na tena.

Ndipo Epifania alipofika kwa miguu, akihema, na kibuyu cha mawese. Aliwasukuma wanaume, akapiga magoti, akamimina kiganjani. Nilimpiga mkono kibuyu kikaruka, mawese yakatapakaa uani mekundu. Alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima.

"Mama," nilimwambia, "nichukie kesho. Sasa hivi shika sabuni."

Alifuta viganja vyake kwenye kanga. Kisha akashika sabuni, akamwosha mumewe miguu.

Sasa ni alfajiri ya tarehe 15, Leonidasi anapumua vizuri.

16 Februari

Brighton amerudi. Nilimweleza yote, na nikamwambia unga ulisaidia, kwamba bila huo tungekuwa tumechelewa kusubiri maji. Nilitegemea atajigamba mpaka mwezi uishe. Alilitazama shavu langu, akasema unga ulinyonya ya juu tu, maji yangu ndiyo yaliyomaliza kazi. Halafu akauliza nani aliyetupa matambara yenye sumu karibu na kisima. Tukagombana tena.

20 Februari

Leonidasi ameruhusiwa. Ametoka bila kuaga.

3 Machi

Nimeitwa kwenye mkutano wa kijiji. Leonidasi amenishtaki. Anasema nilimvua nguo hadharani, nikamdhalilisha mbele ya watumishi wake, na mke wake nikamwaibisha. Anataka niondolewe.

Watu walijaa hadi nje ya ofisi. Mwenyekiti alinipa nafasi ya kujitetea. Kabla sijafungua mdomo, Brighton alisimama. Alisema nilifanya kama alivyoagiza yeye na kwamba kama kuna wa kuondolewa ni yeye. Ni uongo. Hakuagiza chochote, alikuwa Kasulu. Alikaa tena bila kunitazama.

Kisha Esteri aliomba kusema. Mwenyekiti alisita, akamruhusu. Alikuwa amevaa kitenge cheusi, na hakupaza sauti.

"Mimi nina swali kwa mzee. Siku ile ya mvua, bomba lilipomvujia mume wangu, alikuja kwako akakuomba aende mtoni kuoga. Tulikuwapo wengi tuliosikia. Ulimjibuje?"

Mvua ilipiga mabati. Nilifikiri hatajibu, na nadhani kila mtu alifikiri hivyo. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kubadili mazungumzo.

"Nilimwambia amalize mistari iliyobaki," Leonidasi alisema.

"Na wewe mzee, ulipomwagikiwa ulimaliza nini?"

Epifania, aliyekaa kando ya mumewe, aliinuka akatoka nje. Mmoja wa vibarua akafuata, halafu mwingine, kimyakimya, mpaka Leonidasi akabaki amezungukwa na mabenchi matupu. Mwenyekiti alisema shauri langu litaangaliwa siku nyingine. Siku hiyo haijatajwa.

7 Machi

Hakuna kibarua aliyekwenda kwa Leonidasi tangu mkutano. Majani ya tumbaku yanaiva shambani na hakuna wa kuyachuma. Jana alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Esteri. Marselino, jirani yake, aliona. Anasema mzee alisimama uani muda mrefu, akasema kitu ambacho hakikusikika. Esteri alikuwa akichambua maharage. Aliendelea kuchambua.

13 Machi

Esteri amehamia Makere kwa kaka yake, na watoto. Alipita zahanati akiwa na mizigo kichwani. Nilitoka nje.

"Sikuja kuaga," alisema. "Nimekuja kukuambia kwamba kwa ajili ya Reverien bado nina hasira na wewe."

Nilimwambia najua.

"Lakini lile la shati ulisema kweli. Siku ile sikutaka kusikia."

Akaendelea na safari.

24 Machi

Vibarua wamerudi kwa Leonidasi kwa masharti yao. Yale mabomba yenye ufa yametupwa. Leo nilipita njia ya shambani kwake nikitoka kumtazama mzazi. Kuna kipande kilichopandwa kwa kuchelewa, bado kinapuliziwa. Kwenye kona kuna pipa la maji na sabuni imening'inizwa kwa kamba.

Nilipokuwa nikipita, bomba la mtu mmoja lililegea mpira likamvujia. Alilitupa chini, akavua shati, akavua na suruali, akakimbia uchi hadi kwenye pipa. Hakuna aliyecheka. Leonidasi alikuwa karibu. Alichota ndoo akaanza kummwagia, midomo imebana, kama mtu anayelipa deni asiloliafiki. Aliponiona akasimama.

"Unatazama nini, Sista?"

"Hujammwagia nyuma ya masikio."

Alinikodolea macho. Kisha akachota tena.